Majimbo ya Marekani, hewa ukaa na mapafu ya majirani

Hewa ukaa inayotoka kwenye dohani la mtambo wa umeme haimkohozeshi mtu. Haina rangi wala harufu, na sisi wenyewe tunaitoa kila tunapopumua. Ndiyo maana viongozi wa majimbo ya makaa ya mawe nchini Marekani huona wepesi kuwaambia wananchi kwamba ugomvi wao na serikali kuu ni wa uchumi na mamlaka, afya haimo. Lakini makaa yakiungua hayatoi hewa ukaa peke yake. Hutoa pia dioksidi ya salfa, oksidi za nitrojeni, zebaki na masizi.

Kwa mapafu, balaa kubwa ni hiyo salfa. Ikishapaa hubadilika hewani ikawa chembe zisizofikia upana wa maikroni 2.5, kama sehemu moja ya thelathini ya unywele. Pua na koo haziwezi kuzinasa. Hushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, nyingine hupenya hadi kwenye damu, zikachochea pumu na kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Tena husafiri. Upepo wa kutoka magharibi huzibeba mamia ya kilomita, toka mitambo ya bonde la mto Ohio hadi Pennsylvania na New York. Utafiti uliochapishwa na jarida la Science mwaka 2023 ulihusisha chembe za mitambo ya makaa na vifo vipatavyo 460,000 vya wazee wa Marekani kati ya 1999 na 2020. Vingi vilitokea kabla ya 2008, wakati mitambo mingi haijazimwa wala kufungwa vichujio.

Kwa hiyo Rais Barack Obama alipotangaza mpango wa umeme safi Agosti 2015, faida ilikuwa ya namna mbili. Lengo lilikuwa kupunguza hewa ukaa ya mitambo kwa asilimia 32 kufikia 2030, ikilinganishwa na 2005. Makaa yakipungua, na salfa hupungua. Shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA, lilikadiria kwamba ifikapo 2030 mpango ungeepusha hadi vifo 3,600 vya mapema na mashambulizi 90,000 ya pumu kwa watoto kila mwaka.

Majimbo zaidi ya 20, yakiongozwa na West Virginia, yalikwenda mahakamani. Februari 2016 Mahakama ya Juu iliusimamisha mpango kwa kura 5 dhidi ya 4, na Juni 2022, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikaamua kwamba EPA haina mamlaka ya kulazimisha nchi ihame kutoka makaa kwenda vyanzo vingine. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba uamuzi mzito kiasi hicho ni wa Bunge.

Hofu ya wachimbaji wa West Virginia ni ya kweli. Mgodi ukifungwa, huondoka na mishahara na kodi inayolipia shule. Lakini kanuni ya Obama haikufunga mgodi hata mmoja, kwa kuwa haikutumika hata siku moja. Gesi asilia ya bei nafuu, upepo na jua ndivyo vilivyoyasukuma makaa pembeni, na kufikia 2019 lile punguzo la asilimia 32 lilikuwa limeshapatikana, miaka 11 kabla ya wakati. Mzigo uliodaiwa kuwa haubebeki ulibebeka.

Hata hivyo mvutano haukuisha. Mwaka 2024 serikali ya Joe Biden iliagiza mitambo ya makaa itakayoendelea kufanya kazi baada ya 2038 inase asilimia 90 ya hewa ukaa yake kuanzia 2032. West Virginia na wenzake wakashtaki tena. Juni 2025, chini ya Donald Trump, EPA yenyewe ikapendekeza kufuta mipaka yote ya hewa ukaa kwa mitambo ya umeme.

Jimbo lina haki ya kuchagua umeme wake, ila halina haki ya kuwachagulia majirani hewa ya kuvuta. Mahakama imesema kazi hii ni ya Bunge. Basi Bunge la Marekani liandike sheria iliyo wazi, yenye fedha za kuwasaidia wachimbaji, na liiandike sasa.