Mawimbi Mafupi (Sehemu ya Nne): Wati Tano na Waya wa Mita Ishirini

Mwezi wa tano mwaka 2025, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini Kongo, iliipa leseni Starlink, huduma ya intaneti kwa setilaiti. Ni huduma ile ile iliyopigwa marufuku na mamlaka hiyo hiyo Machi 2024. Habari ilipoenea hapa Goma, fundi mmoja wa simu pale Birere aliniita kwa sauti mbele ya wateja wake: «Mwalimu, basi zile nyaya zako sasa tuanikie nguo!» Watu walicheka, nami nikacheka. Kisha nikamwuliza ile sahani ataiwashaje umeme ukikatika juma zima kama ulivyokatika mwisho wa Januari vita vilipouingia mji, na malipo ya kila mwezi atayapitisha benki gani, ilhali benki za mji huu zilikuwa zimefunga milango tangu siku zile zile. Akanijibu kwamba hayo ni mambo ya kesho.

Ugonjwa wetu uko hapo. Chombo kipya kikishuka kutoka kwenye lori, cha zamani tunakitupa jalalani kabla hatujauliza kilikuwa kinatufaa kwa lipi. Mimi sigombani na setilaiti. Nikiipata nitaitumia kama watu wengine. Ila mji uliozungukwa na milima, ziwa na vita hauna haki ya kuwa na njia moja tu ya kusema.

Wasomaji waliofuata sehemu tatu zilizopita wanajua ionosfea inavyorudisha mawimbi mafupi duniani, wanajua daipoli ni nini, na wanajua kwa nini megahezi 7 hufaa mchana na megahezi 3.5 usiku. Sitarudia. Leo tunaingia katika swali ambalo vijana huniuliza kabla ya mengine yote: nguvu kiasi gani?

Tuanze na hesabu, maana ushabiki usio na hesabu ni kelele tu. Waridhaa wa redio duniani wanaiita QRP kazi inayofanywa kwa wati zisizozidi 5 kwa Morse na 10 kwa sauti. Mtambo wa kawaida wa mezani hutoa wati 100. Anayesikia tofauti hiyo kwa mara ya kwanza hukata tamaa: mara ishirini chini! Lakini mpokezi hahesabu hivyo. Mara ishirini ni desibeli 13, na kila hatua ya mita ya mpokezi, ile iliyoandikwa S, ni desibeli 6. Kwa hiyo anayekupata kwa S9 ukitumia wati 100 atakupata kwa karibu S7 ukitumia wati 5. Bado anakusikia, tena vizuri, mradi hewa imetulia. Sasa geuza hesabu upande wa mfuko. Mtambo wa wati 100 hunyonya ampea 20 hivi kwenye voti 12 unaporusha, na betri ndogo ya pikipiki haiuwezi. Wa wati 5 hunyonya ampea moja au zaidi kidogo, na betri ya ampea-saa 7 iliyochajiwa na pano ndogo ya jua itaubeba usiku kucha, kwa kuwa muda mwingi mwendeshaji anasikiliza, harushi.

Na Morse? Najua mnaichekea. Sauti ya SSB, yaani ya ukanda mmoja wa pembeni, hutandaza nguvu yake katika upana wa hezi 2,400 hivi, ilhali Morse hukusanya nguvu ile ile katika hezi mia moja au mia mbili. Ndiyo maana nukta na mistari hupenya pale sauti ya mtu inapozama kwenye mvumo. Anayeona Morse ni mambo ya wazee angejaribu kwanza kuongea na Kisangani saa nne ya usiku wakati wa mvua.

Niruhusuni hapa niingie katika historia, kwa sababu bila historia hii mtadhani wati tano ni umaskini tunaojifunza kuuvumilia.

Kongo haikuingia katika redio jana. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia, Mbelgiji Robert Goldschmidt, kwa kutiwa moyo na Mfalme Albert, alisimamia ujenzi wa mlolongo wa vituo vya simu ya upepo kutoka Banana na Boma kwenye mdomo wa mto hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Ndoto ilikuwa kuiunganisha Boma moja kwa moja na kituo kikubwa cha Laeken, karibu na Brussels. Tarehe 28 Machi 1914 kituo hicho cha Laeken kilirusha muziki hewani, miongoni mwa matangazo ya kwanza ya namna hiyo barani Ulaya. Agosti mwaka huo huo, Wajerumani wakikaribia, Wabelgiji wenyewe walikilipua. Tazameni basi: minara mirefu, mashine kubwa, fedha za mfalme, na vyote vikafa kwa siku moja. Enzi zile wataalamu waliamini kwamba ili ufike mbali sharti urushe mawimbi marefu kwa nguvu za kutisha. Mawimbi mafupi yalihesabiwa makombo.

Makombo hayo wakapewa waridhaa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukuma chini ya mita 200, mahali ambapo wakubwa waliona hapana faida. Desemba 1921 Mmarekani Paul Godley alijifungia katika hema kwenye pwani ya Ardrossan, Uskoti, akasikia ishara za waridhaa wenzake kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923 Mfaransa Léon Deloy, akiwa Nice, alizungumza na Fred Schnell wa Marekani kwa urefu wa wimbi wa karibu mita 100, wakajibizana kabisa, wala si kusikiana tu. Makombo yakageuka karamu, na kompani kubwa zikaanza kumezea mate.

Lakini tarehe ninayotaka kila mwanafunzi wa Goma aijue ni 18 Oktoba 1924. Siku hiyo Frank Bell, mfugaji wa kondoo katika bonde la Shag huko New Zealand, alijibizana na London. London nani? Si wizara, si jeshi la majini. Ni Cecil Goyder, kijana wa miaka 18, kwenye kituo cha shule yake ya Mill Hill. Mfugaji na mwanafunzi waliunganisha pande mbili za dunia. Goyder baadaye akawa mhandisi mkuu wa redio ya taifa ya India. Mimi nimefundisha fizikia kwa muda mrefu wa kutosha kujua kwamba hapa kwetu wapo akina Goyder wengi. Kinachokosekana ni shule yenye waya juu ya paa na mwalimu asiyeogopa kuungua vidole kwa chuma cha kulehemu. Sura ya umeme-sumaku tunaimaliza ubaoni, mwanafunzi anafaulu mtihani wa taifa, na hajawahi hata mara moja kusikia wimbi alilolichora.

Tukumbuke pia upande wa pili, ushamba wa wati nyingi. Mwaka 1947 na 1948 Mwitaliano Attilio Gatti, akigharimiwa na kompani ya redio ya Hallicrafters ya Chicago, aliongoza msafara wa malori na trela kuelekea Milima ya Mwezi, hiyo Ruwenzori yetu, na ndani yake waridhaa wawili Wamarekani, Bob Leo na Bill Snyder. Redio zao zilisikika vizuri, sikatai, na matangazo ya biashara yalinoga. Malori yakaondoka. Hatukubakiziwa fundi. Mtu akiniambia leo kwamba shirika fulani limeleta makontena ya vyombo vya mawasiliano, ninamwuliza swali moja tu: yataondoka lini?

Kinyume chake ni Kasisi George Dobbs wa Uingereza, mwanzilishi wa G-QRP Club mwaka 1974, aliyefariki mwaka 2019. Kwa miaka mingi alihariri jarida dogo, SPRAT, lililojaa michoro ya mitambo ya kujitengenezea kwa vipande vichache. Hakuahidi muujiza. Aliwafundisha watu kulehemu, wakajenga wenyewe, kikiharibika wakatengeneza wenyewe. Hapa mashariki tulikuwa na mbegu ya mambo hayo: kila parokia kubwa, kila hospitali ya msituni, kila komptuari ya madini ilikuwa na foni, yaani redio ya mawimbi mafupi, na mwendeshaji foni alikuwa mtu wa heshima, anayejua saa ya kufungua mkondo na saa ya kunyamaza. Simu za mkononi zilipofika tukaziacha foni zioze stoo pamoja na ujuzi wa wale mafundi.

Haya, antena. Gawanya 142.5 kwa megahezi, unapata urefu wa daipoli kwa mita. Kwa megahezi 7.1 ni mita 20 na ushei, yaani mita 10 kila mkono. Kata kila upande mita 10.2 kisha upunguze kidogo kidogo ukipima. Waya wa taa wa nyuzi mbili uliochanwa unatosha, wala usinunue waya wa antena wa bei. Vihami ni vipande vya bomba la plastiki. Katikati simamisha mwanzi wa mita saba au nane, mikono miwili ishuke pande mbili hadi kwenye kamba za nailoni. Ncha zibaki juu kuliko mkono wa mtoto unapofika, kwa sababu hata wati tano huinua voti nyingi kwenye ncha.

Goma ina mambo yake mawili ambayo vitabu vya Ulaya havisemi. La kwanza ni ardhi. Vitabu hupenda antena ya wima yenye kigingi kilichopigiliwa udongoni. Jaribu kupigilia kigingi mtaani Majengo, juu ya mawe ya volkano ya 2002! Hata ukifaulu, mwamba mkavu wa lava hupitisha umeme vibaya, na nguvu yako itapotea kwenye jiwe badala ya kwenda hewani. Waya uliolala haudai kigingi. La pili ni mabati. Antena iliyolazwa juu kidogo ya paa la bati haifanyi kazi yake, kipimo chake huharibika. Iondoe juu ya nyumba, ielekeze uwanjani.

Na msihangaike kuitafutia kilele cha mlima. Daipoli ya megahezi 7 iliyo mita tano au sita juu ya ardhi hutupa mawimbi yake karibu wima, nayo hurudi chini kama mpira uliorushwa juu ya paa ukadondokea ua wa jirani. Majirani hao ni Bukavu, kilomita kama 100 tukipima moja kwa moja. Walikale, 130 hivi. Butembo, 200 hivi. Redio za VHF hugonga milima ya Masisi zikakoma. Hii ya kwetu milima haiioni. Tena tumejaliwa kuwa karibu na ikweta, ambako ionosfea ina nguvu, na jua lenyewe lilifika kileleni mwa mzunguko wake wa miaka kumi na mmoja mwishoni mwa 2024. Wakati wa kujifunza ni huu.

Kuhusu radi nitasema kwa ukali. Utafiti wa data za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, na Sake yetu ikawa ndani ya kumi za kwanza, kwa zaidi ya mimweko 140 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ukisikia ngurumo, chomoa kebo, itupe nje ya dirisha, shusha mwanzi. Usisubiri kumaliza sentensi.

Nafasi imeniishia na bado sijagusa lililo karibu nasi. Nyiragongo ilipopasuka tarehe 22 Mei 2021, kituo chetu cha kuchunguza volkano, OVG, kilikuwa kimetoka katika miezi ambayo hakikuwa na fedha za intaneti ya kupokea data kutoka vyombo vya mlimani. Siku chache baadaye maelfu walikimbilia Sake wakiongozwa na uvumi kama walivyoongozwa na amri ya kuhama. Kinyume chake, huko Dungu, mwanzoni mwa miaka ya 2010, tume ya haki na amani ya dayosisi pamoja na shirika la Invisible Children ziliweka foni vijijini, habari za mashambulizi ya waasi wa LRA zikapita kila siku kwa saa maalumu. Jambo hilo linawezekana Kongo, limekwisha kufanyika.

Ila mtu asinielewe vibaya: katika hali tuliyo nayo tangu Januari 2025, mwenye mtambo wa kurushia bila kibali anajitafutia tuhuma ya upelelezi, na hana wa kumlilia. Redio ya ridhaa ni ya leseni. Kusikiliza ndiko kunakoweza kuanza shuleni sasa, na mpokezi wa transista mbili au tatu unaweza kulehemiwa na darasa kwa siku ya Jumamosi. Pitieni megahezi 7.110 mchana, ambayo waridhaa wa kanda yetu wameitenga kwa habari za dharura. Walimu wa fizikia wanaotaka mchoro waniandikie kupitia gazeti hili. Sehemu ya tano itashughulika na waya unaolishwa kwenye ncha moja, na transfoma yake ya 49 kwa 1, kwa ajili ya wale ambao uwanja wao hauna nafasi ya mikono miwili.