Watu Watano na Sinema Moja

Wengi wenu mmekwisha kuona sinema: wengine ukumbini, wengine katika kiwanja cha shule, na siku hizi watoto huzitazama kiganjani, katika simu. Lakini ni wachache waliopata kuona jinsi zinavyotengenezwa. Nasi tulikuwa hali moja na ninyi mpaka kiangazi cha mwaka 2019, tulipokuwa wanafunzi mjini Goma, tukapewa kazi ya kumaliza masomo: tutengeneze sinema fupi isiyozidi dakika 12.

Tulikuwa watano. Mmoja alikuwa mwongozi, wa pili mpiga picha, wa tatu alishika sauti, na wa nne, binti mwenye hati nzuri, aliandika daftari la picha. Wa tano hakuwa na cheo. Alipika, alibeba, alilinda betri, na jioni alitupatanisha. Yeyote atakaye kufanya kazi hii na watu wachache amtafute kwanza mtu wa namna hiyo. Kamera ataipata baadaye.

Mwalimu alituuliza swali moja tu: "Ni hadithi gani mliyo nayo ninyi, ambayo mgeni hawezi kuja kuichukua bila kuwaomba?" Tukatazamana. Ndipo mpiga picha, ambaye mama yake ni Mnyanga wa Walikale, akasema: "Mwindo."

Yafaa tueleze kidogo. Mwindo ni shujaa wa Wanyanga. Baba yake, Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliwakataza wake zake kumzalia mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa hata hivyo, naye siku ile ile alitembea na kusema. Baba akataka kumwua, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto akasafiri majini mpaka kwa shangazi yake, Iyangura. Baadaye akamfuata baba yake hata kuzimu, akamrudisha nyumbani, wakapatana. Mwaka 1956 Mzee She-Karisi Rureke aliisimulia habari hiyo kwa muda wa siku 12, akiiimba na kuicheza, mbele ya mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake, nao wakaiandika. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, nacho kina majina mawili, la Biebuyck na la Mnyanga Kahombo Mateene. Sisi tulisoma sehemu zake mjini, katika lugha ya kigeni, na jambo hilo lilitutia haya.

Sinema katika Kivu si habari ya jana. Katika miaka ya 1950 Mapadre Weupe wa Bukavu walikuwa na kikundi chao, Africa Films, na kule Kasai Padre Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili. Wazee wetu walicheka sana, lakini kamera ilikuwa mikononi mwa wageni. Goma kituo cha Yole!Africa, cha Bwana Petna Ndaliko Katondolo, kimefundisha vijana tangu mwaka 2002, na mwaka 2005 likaanza tamasha la sinema. Basi njia ilikuwa imekwisha kufyekwa.

Tukaandika mchezo mdogo. Mtoto wa miaka kumi anakaa na babu yake katika kijiji cha Walikale. Baba yake amekwenda kuchimba koltani Rubaya, huko Masisi, na habari zake hazijulikani. Mchana mtoto anachota maji na kupura chikichi. Usiku anamsikiliza babu, asimuliapo habari za mwana na baba waliotaka kuangamizana wakaishia kupatana. Mwishoni baba anaonekana njiani. Ni hayo tu. Mwongozi alitaka kuongeza vita na ndoto tatu. Tukamkatalia, maana kila ndoto ilihitaji gari.

Tukatoka Goma kupitia Sake, tukapanda milimani. Masisi ni nchi ya vilima vya kijani, ng'ombe, viazi na jibini. Kipande cha baba akirudi nyumbani tulikifanyia huko. Mwenye kuigiza baba alikuwa dereva wa pikipiki aliyetuchukua, kwa sababu alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kweli. Tukamwekea jibini zima begani, liwe zawadi kwa mwanawe. Kule tulijifunza kwamba upepo ni adui wa sauti. Mshika sauti alifunga mikrofoni juu ya fimbo ya mwanzi na kuivika soksi ya sufu, na bado tulisikia mvumo kama wa gari la mizigo. Tukangoja alfajiri, kabla upepo haujaamka.

Toka Masisi njia hupita Nyabiondo na Kashebere, kisha huteremka msituni. Walikale ni wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni miti. Mafuta ya mawese hupanda toka huko, maharagwe huteremka. Vizuizi vilikuwa vingi, na wenye bunduki wa namna nyingi. Tulikuwa na hati ya ruhusa. Penginepo kamera ililala ndani ya gunia la maharagwe. Hatutasema zaidi juu ya hayo.

Mbele ya Kibua tulifika kwa mzee ambaye mama wa mpiga picha alitutuma kwake. Alikuwa akisuka wavu barazani.

"Jambo, Mzee."

"Jambo sana, wajukuu. Mnatafuta mawe?"

Tukacheka, lakini yeye hakucheka. Kwake kila mwenye mfuko wa vyombo alitafuta mawe, na hakukosea sana. Walikale ndiko yaliko machimbo ya Bisie. Mwaka 2010 Mdenmark mmoja, Frank Piasecki Poulsen, alitoa sinema iitwayo Blood in the Mobile, ionyeshayo safari yake hata ndani ya mashimo yale, ili watu wa Ulaya wajue madini ya simu zao yatokako. Ilikuwa kazi ya haki. Lakini Mzee alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Waliotupiga picha walikuwa wengi. Mimi sijaona hata moja. Hiyo yenu itakwenda wapi?"

Mwaka uliofuata swali hilo hilo lilizuka Goma kwa kelele kubwa, ilipotoka sinema ya Mholanzi Joris Postema, Stop Filming Us, ambayo yenyewe huuliza kama mgeni ana haki ya kutuonyesha sisi. Na mwaka 2022 Bernadette Vivuya na Kagoma Twahirwa, wa hapa kwetu, wakamjibu kwa sinema yao wenyewe, wakitumia tena picha zilizopigwa kwa ajili ya ile ya kwanza. Tulipoziona tulimkumbuka Mzee na wavu wake. Maana sisi tulikuwa wenyeji, tulisema Kiswahili chake, mmoja wetu alijua na Kinyanga. Hata hivyo alituuliza kama alivyowauliza wengine, na alikuwa na haki.

Akatupa masharti. Hadithi hazisimuliwi mchana. Mwimbo usikatwe, kwa kuwa ndio unaobeba hadithi. Na sinema ikiisha, tuilete aione. Tukakubali yote upesi, kama vijana wakubalivyo.

Sharti la kwanza lilitutaabisha mara moja. Kupiga picha usiku, bila umeme, kwa kamera ya bei ndogo! Moto peke yake ulitoa nyuso zilizojaa chembechembe kama uji wa mtama. Mashine ya umeme ingenguruma juu ya sauti ya Mzee. Wa tano wetu ndiye aliyepata dawa: alichukua taa mbili za jua, akazifunika kipande cha kitenge cha rangi ya machungwa, akazificha nyuma ya chungu na nyuma ya mlango, nuru ikawa kama ya kuni. Tulishukuru pia kwamba nyumba iliezekwa kwa majani. Chini ya mabati mvua ingemeza maneno yote. Mzee akasimulia kwa saa mbili. Watoto wa kijiji waliitikia nyimbo, na mtoto wetu akasahau kuwa anaigiza.

Sasa tuseme kosa letu. Picha hukaa katika kadi ndogo kama ukucha, na kanuni yetu ilikuwa kuzinakili mara mbili katika kompyuta kabla ya kadi kufutwa. Lakini siku ile kutwa kulikuwa na mawingu, kibao cha jua hakikutoa umeme, kompyuta ikalala. Binti aliandika daftarini, kwa wino mwekundu: "Haijanakiliwa." Asubuhi mmoja wetu, katika haraka ya kuwahi mtoni, akaichukua kadi ile na kuifuta. Hakuna aliyefungua daftari. Masaa mawili ya Mzee yakatoweka kabla ya chai.

Hatutamtaja aliyeifuta. Tuligombana mpaka majirani wakaja kutazama. Mwongozi alitaka tutumie sauti ya mtu mwingine, tuonyeshe moto tu, Mzee asijue. Binti akakataa. Alisema yeye ndiye ataendelea kuandika daftari lile, naye hataandika uongo ndani yake. Tukaenda wote watano barazani.

Mzee alinyamaza kitambo, vidole vikiwa ndani ya wavu. Kisha akasema, "Mmepoteza uso wangu. Hadithi ninayo bado. Lakini kifua kinaniuma, njoni keshokutwa."

Siku mbili za kungoja ni nyingi kwa watu waliokwisha hesabu chakula. Majirani walitupa sombe na ndizi. Katika kungoja huko tulipiga picha ambazo hatukuziandika katika mchezo: ukungu ukitoka msituni, mama akikamua mawese, mtoto akionja jibini la Masisi kwa mara ya kwanza na kulitema. Zote zimo katika sinema. Tuligundua vilevile kwamba mtoto amebadilisha shati kati ya siku ya pili na ya tatu, hivi kwamba aliingia mtoni na shati jekundu akatoka na la bluu. Hiyo nayo ilikuwa imeandikwa daftarini.

Usiku wa pili Mzee akasimulia tena, na haikuwa sawa na mara ya kwanza. Alipofika Mwindo aliposafiri ndani ya ngoma, akaingiza watoto watano waliokaa kando ya mto, wenye jicho ndani ya sanduku, walioona kila kitu wakasahau kufunga kifuniko. Kijiji kizima kikaangua kicheko. Sisi tulicheka pia, tukiwa tumeinama. Kipande hicho ndicho bora kuliko vyote tulivyopiga.

Tulirudi Goma na karibu masaa matano ya picha. Kuyafanya yawe dakika 12 ni kazi ya kisu, na kisu kiliangukia mwimbo. Mwimbo ulikuwa wa dakika nne. Tukaacha moja, tukajiambia kwamba Mzee ataelewa.

Mwezi wa Desemba tukaipeleka, kama tulivyoahidi. Katekista alitupa ua wa kanisa, tukatundika shuka nyeupe, dereva wa pikipiki akaleta mashine ndogo ya umeme, tukaiweka mbali nyuma ya migomba. Watu walijaa. Walicheka mahali ambapo hatukudhani pana kicheko, na mama mmoja akalalamika kwa sauti kwamba hakuna akamuaye mawese hivyo. Alikuwa ni yeye mwenyewe katika picha. Mzee alitazama kimya mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Mwimbo wangu uko wapi?"

Hatukuwa na la kusema. Tuliporudi tukaufungua upya mwimbo wote. Sinema ikawa dakika 15, nasi tukapunguziwa alama kwa kuvuka kipimo, kama ilivyostahili. Februari 2020 tukampa dereva kadi yenye sinema kamili ampelekee Mzee, naye kijana wa nyumba ile akaitia katika simu yake. Mwezi uliofuata ukaja ugonjwa wa korona, njia zikafungwa. Mzee alifariki mwaka 2022.

Mengine mnayajua. Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa. Katika siku zile nyumba alimokaa mshika sauti iliporwa, na kompyuta pamoja na nakala zetu zote mbili zikaondoka, maana kwa uzembe tulikuwa tumeziweka chumba kimoja. Mwezi wa Machi vita vikafika Walikale penyewe, na watu wa vijiji vingi wakakimbilia msituni. Sisi tulikwisha kuihesabu sinema kuwa imekufa, na kwa kweli hatukuona vema kuililia wakati watu walililia watu.

Mwezi wa Agosti dereva wetu wa pikipiki, aliyepita njia za mzunguko kwa siku nyingi, akabisha hodi kwa binti wa daftari. Alileta mfuko mdogo wa nailoni uliofungwa ndani ya pakiti ya chumvi. Ndani yake ilikuwamo kadi. Kijana wa Kibua alikuwa ameitoa katika simu kabla ya kukimbia, akaishona katika mshipi wa suruali, akalala nayo msituni. Kwa dereva alituma neno moja tu: Babu alisema ikitoka nyumbani irudi nyumbani, basi tunakili na kuirudisha.

Tukaitia katika simu, tukakaa sakafuni, watatu kati ya wale watano. Mwimbo ulikuwamo, dakika nne zote, na katikati yake kikohozi cha Mzee. Jioni hiyo hiyo tukanakili mara nne, katika nyumba nne. Binti akafungua daftari lake la zamani, akaandika tarehe na saa, akatumia wino mwekundu.