Jogging, yoga na ndondo: Mkatoliki apime kwa kipimo gani?

Ukipita Tungi, Kibada au Mjimwema alfajiri ya Dominika utakutana nao: fulana za rangi moja, nyimbo za mchakamchaka, vijana na watu wazima pamoja. Vikundi vya jogging vimeenea Kigamboni kama vilivyoenea Temeke na Kinondoni. Nasi mafrateri tunapokuwa katika utume wa mwisho wa juma huulizwa: je, ni dhambi? Na yoga je? Na karate?

Swali hili ni zito. Kikundi cha jogging si mbio tu. Wanachama huchangiana katika misiba, huuguzana, na hata kukopeshana mitaji. Kumwambia mtu atoke ni kumwambia aachane na watu watakaomzika. Kwa hiyo tusijibu haraka.

Mwili ni zawadi

Mtume Paulo anawakumbusha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1Kor 6:19), na hachelei kumfananisha Mkristo na mkimbiaji anayejinyima ili apate taji (1Kor 9:24-27). Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatutaka tutunze afya (na. 2288), kisha inaonya kwamba mwili usigeuzwe kuwa kitu cha kuabudiwa (na. 2289). Mt. Yohane Paulo II aliendelea kupanda milima hata alipokuwa Papa, na mwaka 2019 Vatikano ilizindua timu yake ya riadha, Athletica Vaticana. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Zoezi lenyewe, basi, ni jema. Linalobaki ni kulipima kwa maswali matatu.

Kwanza: linachukua siku ya nani?

Sheria ya Kanisa inatudai kushiriki Misa Takatifu siku ya Dominika (Kanuni 1247), na Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu huo (Kanuni 1248). Anayekimbia saa kumi na mbili asubuhi kisha akawahi Misa hajakosa. Tatizo huanza mbio zinapofuatwa na bonanza, muziki na vinywaji mpaka adhuhuri, na wiki hadi wiki altare inasahauliwa. Viongozi wa vikundi walio Wakatoliki wana wajibu zaidi, kwa kuwa Katekisimu (na. 2187) inatukataza kuwadai wengine mambo yatakayowazuia kuitunza siku ya Bwana bila ulazima.

Ratiba inaweza kubadilika. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa. Vilevile vikundi hivi vina Waislamu na Wakristo. Hakuna anayemshangaa Mwislamu anayeaga kwenda kuswali, basi Mkristo naye asione haya kuaga kwenda Misa.

Pili: linamwita nani?

Hapa wengi huitaja yoga. Mwaka 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa barua kuhusu tafakari ya Kikristo. Barua hiyo haikatai kila njia itokayo katika dini nyingine, mradi sala ya Kikristo ibaki kuwa mazungumzo na Mungu katika Kristo. Inaonya pia kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu. Kunyoosha viungo na kupumua vizuri si kuabudu. Kutamka maneno ya kuomba miungu, au kuyafanya mazoezi yale kuwa badala ya sala, ni jambo jingine. Ndivyo ilivyo hata kwa karate: kuinama kwa heshima mbele ya mwalimu si ibada.

Lakini tuseme ukweli. Hatari iliyo karibu zaidi na amri ya kwanza haikutoka India. Iko katika ndondo za mitaani, pale "kamati ya ufundi" inapokusanya michango ya kwenda kwa mganga, na mchezaji anapovalishwa hirizi chini ya soksi. Katekisimu (na. 2117) inakataza uchawi na hirizi waziwazi. Mkatoliki anayeikimbia yoga lakini akachangia mganga wa timu amechuja mbu akameza ngamia.

Tatu: linakufanya uwe mtu gani?

Pima matunda. Je, nyimbo mnazoimba zinawavunjia heshima wanawake? Je, mavazi na picha zenu vinaulinda utu? Je, vyuma unavyobeba vinakupa nguvu ya kuwatumikia wengine, au vimekufanya uuabudu mwili wako kwenye kioo? Je, mpira umekuwa mlango wa kubeti ada ya mtoto?

Kwa vijana tunasema: msikimbilie kutoka kwenye vikundi. Kaeni humo mkiwa Wakristo, ombeni ratiba ibadilishwe, kataeni mchango wa mganga. Hata hivyo, kikundi kisipowaachia nafasi ya Misa na kikidai hirizi, hapo tokeni, hata kama mtapoteza marafiki.

Kwa wazazi na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tunasema: kabla hamjamkataza kijana, jiulizeni kama Jumuiya yenu inamtembelea akiugua na kuchangia anapofiwa. Ikiwa haifanyi hivyo, mnamtaka aache ndugu alionao kabla hamjampa wengine.