Fahamu: Hina nyeusi si hina

Ukikuta unga unaouzwa kwa jina la hina nyeusi, iwe soko la Kadutu au la Nyawera nchini Kongo, uliza weusi wake umetoka wapi. Jani la mhina lina losoni, kemikali inayoshikamana na protini ya unywele na kuacha wekundu wa kutu. Kwenye mvi hutoa rangi ya chungwa, si nyeusi. Mmea wa mnili ungeutoa weusi huo, ila kwa subira. Weusi wa haraka kwa kawaida huletwa na PPD, kemikali ya viwandani inayoweza kuvimbisha uso na kuunguza ngozi. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2 kwenye rangi ya nywele.

Mtu atasema bibi wa Lamu na Unguja wamepaka hina tangu zamani. Kweli, lakini wao waliponda majani yenyewe. Na hina kama tiba ya mapunye je? Losoni imezuia fangasi maabarani, ila mapunye ya mtoto yamezama ndani ya unywele na huhitaji dawa ya kumeza. Tena mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi isiyo adimu Kongo, anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu hata kwa hina safi.