Pedali mbili haziwezi kuwa mpiga besi

Nimeisikia hoja fulani mara kadhaa kutoka kwa wasimamizi wa bendi ndogo. Wanasema mcharaza gitaa mmoja akinunua pedali mbili, moja ya kupandisha sauti oktava moja na nyingine ya kuishusha oktava moja, basi hakuna haja tena ya kumlipa mpiga besi. Hoja hiyo imevikwa joho la maendeleo, na kwa mtu anayehesabu ujira wa usiku mmoja wa arusi, inavutia mno. Lakini mimi niliyevitumia vidude hivyo viwili kwa pamoja kwa muda mrefu naona kwamba wenzangu hao wanachanganya mambo mawili yasiyofanana, yaani upana wa sauti na wingi wa sauti.

Tuanze na oktava yenyewe, tusije tukabishana juu ya jambo tusilolifahamu. Wanaume na wanawake wanapoimba wimbo mmoja kanisani au kwenye mkutano wa hadhara, aghalabu hawaimbi kwa kimo kimoja. Wanaume huwa chini, wanawake huwa juu, na bado sikio husikia wimbo ule ule. Umbali ulioko baina yao ndio oktava. Kwa lugha ya hesabu, nota ya juu hutetema mara mbili ya ile ya chini. Uzi wa tano wa gitaa, ukipigwa bila kubanwa, hutetema mara 110 kwa sekunde. Oktava ya juu yake ni 220, na oktava ya chini yake ni 55.

Kidude cha kupandisha kilipata umaarufu mnamo 1967. Roger Mayer, Mwingereza aliyewahi kufanya utafiti wa sauti katika idara ya jeshi la majini la nchi yake, alimpa Jimi Hendrix kifaa kilichokuja kuitwa Octavia. Hendrix, Mmarekani aliyekuwa akiishi London wakati huo, alikitumia katika solo ya "Purple Haze" mwaka huo huo, na dunia ikasikia gitaa likipiga ukelele ambao halikuwa nao awali.

Siri yake si kubwa. Umeme unaotoka kwenye gitaa hupanda na kushuka kama wimbi la bahari, mgongo juu na bonde chini. Saketi ya kidude hiki hulikunja kila bonde likageuka mgongo, hivi kwamba palipokuwa na mgongo mmoja sasa pana migongo miwili. Mitetemo 110 inakuwa 220. Kazi hiyo hufanywa kwa ukatili kidogo, ndiyo maana sauti inayotoka huwa na mkwaruzo. Wacharazaji wazoefu huilainisha kwa kupiga kuanzia freti ya 12 kwenda juu, kwa kutumia pikapu iliyo karibu na shingo, na kwa kupunguza makali ya sauti kwenye gitaa lenyewe.

Kidude cha kushusha nacho hufanya kazi kwa kuhesabu. Ni kama bawabu langoni: kila mawimbi mawili yanapopita, yeye huandika moja. Mitetemo 110 inakuwa 55. Kampuni ya Boss ya Japani ilipotoa OC-2 mnamo 1982, kidude hicho kiliweza kushusha oktava moja na hata mbili. Dosari ya bawabu huyu ni kwamba hawezi kuhesabu misafara miwili kwa wakati mmoja. Mpigie nota mbili kwa pamoja, naye ataanza kugugumia kama mtu aliyeamshwa ghafla usingizini.

Sasa mtu akiamua kuviunganisha, sharti ajue kwamba utaratibu wa kuvipanga hubadilisha matokeo. Akitanguliza cha kupandisha, akafuatisha cha kushusha na kuiziba sauti asilia, 110 inakuwa 220, kisha 220 inarudi kuwa 110. Amelipia vidude viwili ili arejee alikoanzia, tena na sauti iliyochakaa njiani!

Akigeuza utaratibu huo, mambo huanza kunoga. Nota ya chini ya 55 na nota asilia ya 110 huingia kwa pamoja katika ile saketi ya kukunja mawimbi. Saketi haizipandishi tu kila moja kivyake, bali huzichanganya na kuzijumlisha. Ndipo huzuka mitetemo 165, nota ambayo hakuna kidole kilichoigusa. Wapo wanaoupenda mngurumo huo kwa nyimbo za hasira, nami siwalaumu.

Njia ninayoipendelea mimi ni ya tatu. Sauti ya gitaa hugawanywa, kila kidude kikapewa njia yake, kisha njia zote zikakutana mwishoni pamoja na sauti asilia. Hapo msikilizaji hupata 55, 110 na 220 bila moja kuichafua nyingine. Mwangwi na madoido mengine yasubiri nyuma, kwa sababu bawabu wetu anataka sauti safi ya kuhesabu.

Waliojenga vinanda vya mabomba kule Ulaya walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya umeme. Bomba la futi 8 lilitoa nota yenyewe, la futi 16 likatoa oktava ya chini, na la futi 4 likatoa oktava ya juu. Kinanda cha umeme cha Laurens Hammond, kilichotoka mnamo 1935, kilifuata hekima hiyo hiyo. Si ajabu basi kwamba gitaa lenye pedali zote mbili huvuma kama kinanda cha kanisani. Mnamo 2005 kampuni ya Electro-Harmonix ya New York ilitoa POG, kidude kimoja kinachofanya kazi zote mbili kidijitali, na ambacho hakibabaiki hata nyuzi zote 6 zikipigwa kwa mpigo mmoja.

Uzuri huo siukani hata chembe. Lililonifanya nishike kalamu ni bendi moja ya arusi, ambayo sitaitaja, iliyomwachisha kazi mpiga besi wake na kumkabidhi mcharaza solo pedali hizo. Nilikuwa miongoni mwa waalikwa. Mcharaza solo alipopanda kwenye shingo ya gitaa, ile inayoitwa besi ilipanda naye. Alipotua kupumua, nayo ikatua. Alipoteleza, ikateleza. Watu walicheza kwa adabu, kisha wakarudi vitini mapema.

Hesabu zenyewe zinaeleza kilichotokea. Uzi wa kwanza wa gitaa ukibanwa kwenye freti ya 12 hutetema takriban mara 659 kwa sekunde. Ushushe oktava moja upate takriban 330, ambayo ni sauti ya uzi huo huo usipobanwa. Je, hiyo ni besi? Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema takriban mara 41. Pedali itaifikia 41 pale tu mcharaza gitaa atakapoteremka hadi uzi wake wa sita, na akiteremka huko, nani atabaki kupiga solo? Isitoshe, hata akiifikia, spika ya kawaida ya gitaa haikuundwa kuibeba sauti nene kiasi hicho.

Kuna jambo zito zaidi ya hesabu. Chukua benga. Katika muziki wa Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz, gitaa la besi halimfuati mcharaza solo kama mtoto aliyeshika upindo wa nguo ya mama yake. Lina usemi wake. Hurukaruka, huuliza, hujibu, na mara nyingi ndilo linalomwinua mtu kitini. Misiani alifariki mnamo 2006, lakini yeyote anayesikiliza rekodi zake leo atatambua kwamba anasikiliza mazungumzo. Pedali haizungumzi na mwenye gitaa. Ni kivuli chake, na kivuli hakijibizani na mwenye mwili.

Huenda msomaji akaniuliza: mbona mpiga nyatiti ni mtu mmoja na hatujawahi kumlalamikia? Swali ni zuri. Mpiga nyatiti ana nyuzi 8 mikononi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga ubao wa chombo, njuga mguuni, na juu ya hayo yote anaimba. Naam, mguu ulikuwa kazini katika muziki wetu kabla pedali hazijabuniwa. Lakini tazama tofauti. Mguu wa mpiga nyatiti una shughuli yake, mikono ina yake, na koo lina yake. Mguu wa mwenye pedali hubonyeza swichi tu, kisha mkono mmoja husema neno moja kwa vinywa vitatu.

Atatokea pia wa kunikumbusha The White Stripes wa Marekani. Katika "Seven Nation Army" ya mwaka 2003, kile kinachodhaniwa kuwa besi ni gitaa la Jack White lililoshushwa oktava moja kwa pedali ya Whammy. Ni kweli, na ni kazi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, bendi ile ilikuwa ya watu wawili, na muziki wake ulitungwa ukilizingatia pengo hilo. Bendi inayopiga nyimbo zilizotungwa kwa magitaa matatu haina udhuru huo.

Kwa vijana wanaojifunza gitaa, ushauri wangu ni kwamba wasiviogope vidude hivi. Wavinunue wakiweza, wavipange kwa utaratibu unaofaa, wavitumie pale wimbo unapohitaji kifua kipana, kisha wavizime. Sauti inayovuma bila kukoma humchosha msikilizaji kama hotuba isiyo na nukta.

Kwa wasimamizi wa bendi nina ombi moja. Kabla hujamwonyesha mpiga besi mlango, msikilize usiku mmoja ukiwa umesimama miongoni mwa wachezaji, wala si karibu na sanduku la fedha. Utagundua kwamba ujira wake hununua akili ya pili inayoisikia ya kwanza na kuijibu. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata ukikitazama kwa kioo cha kukuzia.