Kuendesha kwa Kidole Gumba

Likizo iliyopita mpwa wangu, kijana wa shule ya upili, alikuja kukaa nami akiwa na mashine yake ya PlayStation. Aliiunganisha na runinga ya sebuleni, na kwa majuma mawili nyumba yangu ikawa uwanja wa mashindano ya magari. Mimi ni mtu wa isimu, na jioni zangu aghalabu huishia katika kusahihisha kazi za wanafunzi. Lakini macho hayana pazia. Yaliacha karatasi yakahamia kwenye runinga.

Mchezo wenyewe ni Gran Turismo 7, uliotolewa mwaka wa 2022, mmoja katika ukoo ulioanzia Japani mwezi wa Desemba 1997. Kijana aliendesha kwa ustadi wa kustaajabisha, nami nikamsifu. Kisha nikauliza ule mstari uliochorwa barabarani ulikuwa wa nini.

"Huo unanionyesha njia, Mjomba, na mahali pa kushika breki."

Nikazidi kudadisi, na siri zikatoka moja baada ya nyingine. Kulikuwa na kisaidizi cha kuzuia magurudumu yasikwame breki inaposhikwa kwa nguvu. Kulikuwa na kingine cha kupunguza nguvu za injini pindi magurudumu yanapoanza kuzunguka bure. Cha tatu kililinyoosha gari mkia ulipotaka kuchepuka. Na lau angetaka, mashine ingemshikia hata breki na usukani.

"Basi wewe unafanya nini?" nikamwuliza.

Kijana hakukasirika. Aliviondoa vyote, akanikabidhi padi.

Neno "kisaidizi" nimelitoa katika sarufi, kwa kuwa sioni jingine lifaalo. Mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba katika "alikuwa anaendesha", kitenzi kisaidizi ndicho kinachobeba wakati uliopita. Kiondoe, na "anaendesha" itasimama peke yake bila kosa lolote, ila jambo la jana litakuwa la sasa hivi. Ndivyo lilivyokuwa gari langu. Lilikwenda, lakini kila kitu kilitokea sasa hivi.

Tulichagua Mazda Roadster, gari dogo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na uwanja wa Tsukuba huko Japani, ambao mzunguko wake hauzidi sana kilomita 2. Kwenye kona ya kwanza nilibana breki yote, nikageuza usukani, na gari likaendelea mbele moja kwa moja hadi nje ya barabara. Waama, hapakuwa na muujiza. Tairi lina akiba moja tu ya kushikilia lami, na akiba hiyo hugawanywa baina ya kupunguza mwendo na kugeuka. Gurudumu lililokwama limeitumia yote katika kuserereka. Halina kilichobaki cha kugeuzia. Yapasa breki ishikwe kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha iachiliwe kidogo kidogo kadiri usukani unavyozidi kukata kona. Uzito ulioyalalia magurudumu ya mbele hurudi nyuma taratibu, na hapo ndipo mafuta huanza kuongezwa, tena kwa adabu. Ukiyamimina gari lingali limepinda, mkia hutaka kutangulia kichwa.

Haya yote dereva wa gari la kweli huyafanya kwa miguu na mikono miwili. Mwenye padi ana kidole gumba juu ya kijiti kifupi, na vidole viwili vya shahada kwenye vitufe vya nyuma, cha kushoto kikiwa breki na cha kulia mafuta. Baina ya breki pungufu na breki ya kupita kiasi pana nafasi ndogo mno. Fauka ya hayo, hana kiti cha kumwarifu kwamba gari limeanza kuteleza. Anachobakiwa nacho ni mtetemo viganjani, na sauti. Sauti ndiyo iliyoniponya. Tairi linalokaribia kikomo cha nguvu zake huanza kulia, na mlio huo hubadilika kadiri linavyozidi kulemewa. Masikio yangu, yaliyozeeka katika kutenganisha /r/ na /l/ za wanafunzi, hayakukawia kuupata mpaka huo. Kidole ndicho kilichokawia.

Baada ya jioni nne za kuaibika, mpwa wangu alinihurumia. Alivirudisha visaidizi vyote, akauondoa mstari peke yake ili nijifunze kuitazama barabara. Siku iliyofuata aliondoa kile cha kunyoosha mkia. Kisha cha kuzuia magurudumu kuzunguka bure. Cha breki alikiacha hadi mwisho, akisema kwamba wachezaji wengi hodari wa padi hawakiondoi kamwe. (Barabarani ni mambo mengine kabisa. ABS, ambayo Bosch waliileta katika magari ya Mercedes-Benz mwaka wa 1978, si kitu cha kufanyia majaribio kwenye barabara ya Mombasa.) Wakubwa nao hawajatulia katika suala hili: Formula One ilivipiga marufuku visaidizi vya namna hii mwaka wa 1994, ikakirudisha kile cha magurudumu kuzunguka bure mwaka wa 2001, ikakiondoa tena mwaka wa 2008.

Nilipomudu mizunguko mitano bila kisaidizi hata kimoja, nilianza kujigamba.

"Mjomba," kijana akaniambia, "ukiwa mbioni sukuma kijiti hadi mwisho, halafu tazama mikono ya dereva."

Nikafanya hivyo. Kidole changu kilifika mwisho mara moja. Mikono ya yule dereva wa kwenye runinga iligeuza usukani polepole, tena kwa kiasi tu. Mchezo wenyewe ulikuwa ukikizuia kidole changu, kwani ungekitii kama kilivyo, gari lisingekaa barabarani. Kisaidizi hicho hakikuwamo katika orodha tuliyoifuta.

Usiku huo sikupata usingizi, na si kwa sababu ya magari. Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliniletea insha isiyo na dosari hata moja. Nilipomwomba mfano wake mwenyewe, mmoja tu, alinyamaza. Insha ilikuwa imeandikwa na kompyuta. Nilimketisha ofisini kwangu kwa saa mbili, bila simu, bila kamusi, bila daftari, nikamwamuru aiandike upya. Aliandika nusu ukurasa, kisha akalia. Nami nilijiona nimetenda haki, mimi ambaye tasnifu yangu ya udaktari ilisomwa na msimamizi wangu sura kwa sura, na mwenzangu mmoja akainyoosha Kiingereza chake kabla sijaiwasilisha. Majina yao niliyaandika kwenye ukurasa wa shukrani, nikayasahau.

Mpwa wangu amerejea shuleni. Mwanafunzi yule nimemwita aje tena Jumatatu, tuanze na aya moja. Simu ataiacha nje. Kamusi nitaiweka mezani.