Je, Wajua? Nguzo Imesimama, Kumbe Imeliwa!

Je, wajua kwamba boriti inaweza kuonekana nzima kwa nje, kumbe ndani ni tupu? Mchwa hawapendi mwanga, basi hula cha ndani na kukuachia ganda. Wewe wa Ntalikwa, hapa Tabora, chukua bisibisi sasa hivi, choma nguzo ya baraza yako pale inapogusa ardhi. Ikizama kirahisi, nguzo hiyo imekwisha!

Malkia wa mchwa wa vichuguu vikubwa hufikia sentimita 10, na hutaga mayai maelfu kwa siku. Siku moja tu, jamani! Watoto wake ni wakulima: mchwa wamelima uyoga chini ya ardhi kwa zaidi ya miaka milioni 20, binadamu hajaota hata jembe.

Na kumbikumbi unaowakaanga mvua za kwanza zikinyesha? Ni mchwa hao hao, wametoka kuanzisha makazi mapya. Ukikuta mabawa yamelala chini ya dirisha, inua macho kwenye kenchi, utafute vijia vya udongo.

Wajua Wajerumani walipofikisha reli Tabora mwaka 1912 walilaza mataruma ya chuma? Ya mbao yangekuwa karamu ya mchwa!

Lakini mninga wetu, ee! Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao yake ya ndani huwashinda mchwa. Ila ule ukanda mweupe wa pembeni huliwa vizuri tu, kwa hiyo geuza kila ubao kabla hujalipa.

Paa linavuja? Kuvu wanaoozesha mbao hawafanyi kazi kwenye ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20. Ziba tundu, umewanyima maji.

Sasa shika hili, ndilo linalonistaajabisha kuliko yote. Dumuzi, yule mdudu wa milimita 4 anayesaga mahindi kuwa unga, asili yake ni Amerika ya Kati, na Afrika iligundua kuwa amefika kupitia mkoa huu huu wa Tabora. Taarifa ilitoka mwaka 1981. Hapa Tanzania alipimwa akiharibu hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi ndani ya miezi 3 hadi 6. Na ukoo wake ni wa watoboa mbao! Kihenge kikiwa kitupu, anaweza kujichimbia kwenye miti yake akingoja mavuno mapya. Kagua miti ya kihenge kwanza, uone kama inamwaga unga, ndipo uingize gunia.